Baniani Aliyepitia Lamu

Mwaka 1984 nilikuwa nasomesha Kianjokoma, huko Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya chai yanakwenda kukutana na msitu. Kwa mtu aliyezaliwa Lamu, Kianjokoma ni dunia nyingine. Asubuhi za mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani ukafunika mapaa ya mabati, na mwalimu wa pwani huingia darasani amevaa makoti mawili. Huko ndiko simu ya maandishi iliponifikia, siku ya tatu tangu kupelekwa, ikinipasha habari kwamba baba yangu amefariki. Alifariki alfajiri, na sisi kama tujulikanavyo hatumchelewshi maiti. Adhuhuri ilikuta ameshazikwa. Nilipokuwa naisoma karatasi ile, hitima nayo ilikuwa imeshasomwa.

Kutoka Kianjokoma mpaka Embu mjini, Embu mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Mombasa, halafu Mombasa mpaka Mokowe na mashua ya kuvukia, ni safari ya siku mbili na zaidi kama barabara ni kavu. Na ningefika kumkuta nani? Kilichoniuma si kwamba mzee amekufa. Mauti ni ya wote, na yeye alikuwa amekula chumvi nyingi. Kilichoniuma ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo aliniletea salamu kwamba anaumwa, nami nikamjibu kwamba nitakuja shule zikifungwa.

Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, mkulima wa chai, alikuja kunipa pole. Watu wa Embu wakikujia kwa msiba hawana haraka. Alikunywa vikombe viwili vya chai bila kusema neno, kisha akanieleza jambo lililonishangaza. Yeye mbao za jeneza lake ameshazipasua, za mti aliouotesha mwenyewe mpakani mwa shamba lake, nazo ziko darini juu ya jiko zinakauka kwa moshi. Alinieleza kama mtu anayesema kwamba ameshalipa karo ya mtoto. Akaongeza kwamba zamani, katika nchi zile za chini ya mlima, maiti wa mtu wa kawaida hakuzikwa. Alipelekwa kichakani akaachiwa wanyama, na desturi ya kuzika ilikuja na serikali ya Waingereza pamoja na wamisheni. Kwa hiyo yeye hakuona ajabu kwamba kila watu wana njia yao. Akaniuliza sisi Waislamu tunafanyaje. Nikamweleza kwamba jeneza letu ni la msikiti, humchukua maiti mpaka kaburini kisha likarudi likamngojea mwingine. Akalipenda sana jambo hilo. Halafu akauliza: na Wahindi, wale wenye maduka kule Embu mjini, kwa nini wanachoma? Sikuwa na la kumjibu.

Katika kabati la vitabu la shule palikuwa na kitabu kimoja kilichotafunwa pembe na mende. Yalikuwa maisha ya Mohandas Karamchand Gandhi, aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa Kigujarati na kuyatoa kidogo kidogo gazetini mwake tangu mwaka 1925 mpaka 1929, kisha yakafasiriwa kwa Kiingereza. Nilikichukua nipate cha kukeshea, maana usingizi ulikuwa umenihama, na pia nipate la kumjibu yule mzee. Usiku wa pili nilifika mahali nikaketi kitako. Nilikuwa nimeukuta mji wangu.

Mwezi wa Aprili 1893 Gandhi alikuwa kijana wa miaka 23, wakili asiyepata kesi. Alipanda meli Bombay kwenda Afrika ya Kusini kufanya kazi ya mwaka mmoja. Waliomwajiri walikuwa Waislamu, kampuni ya Dada Abdulla, tajiri wa Kimemoni wa kutoka Porbandar. Bandari ya kwanza ambayo meli ilitia nanga, baada ya siku kama 13 baharini, ilikuwa Lamu. Kijana akashuka kutazama mji. Akaingia posta, akafurahi kuwakuta makarani wa Kihindi, akazungumza nao. Nahodha alikuwa amewaonya abiria kwamba maji ya bandari ile yana hila. Na kweli, wakati wa kurudi, mashua ilijaa watu, mkondo ukawa mkali, ikawa kila wakikaribia ngazi ya meli maji yanawavuta nyuma. Honi ya kuondoka ikalia. Nahodha akaisubirisha meli dakika tano kwa ajili yake, na mwenzake mmoja akakodi mashua nyingine kwa rupia kumi ikamfuate. Ngazi ilikuwa imeshapandishwa. Akavutwa juu kwa kamba, na papo hapo meli ikaondoka. Abiria wengine waliachwa ufukoni kwetu. Mtu wa Lamu anayeujua mkondo ule maji yakitoka atatabasamu, lakini atajua pia kwamba hauna mchezo.

Kutoka Lamu walipitia Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine. Huko nahodha yuleyule alimpeleka pasipo yeye kujua katika nyumba ya wanawake wa kukodiwa. Kijana alisimama chumbani amejawa na haya, akatoka kama alivyoingia. Aliyaandika hayo mwenyewe, na sidhani wengi wetu tungeyaandika.

Sisi watu wa pwani tumezoea kumwita Mhindi asiyekuwa Mwislamu kwa jina la Baniani. Si tusi, ila mara nyingi tunapolitamka tunamfikiria mwenye duka, daftari la madeni na kibandiko cha rangi pajini mwa uso. Gandhi alikuwa Baniani hasa, wa kabila la wafanya biashara, mzaliwa wa Porbandar tarehe 2 Oktoba 1869. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa watawala wadogo wa hapo na baadaye wa Rajkot. Mama yake, Putlibai, alikuwa mwanamke wa kufunga na kuomba, wa madhehebu ambayo hekaluni mwake Qurani ilisomwa pamoja na vitabu vya Kihindu. Na mtoto mwenyewe alikuwa mwoga. Aliogopa giza, wezi, nyoka na mashetani. Yaya wao, mama mmoja jina lake Rambha, alimfundisha kwamba kila akiogopa alitaje jina la Rama, ambalo kwa Wahindu ni jina la Mungu. Msomaji alishike jina hilo, tutalirudia.

Sasa nifike kwenye lililonishika koo kule Kianjokoma. Mwaka 1885 baba yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Gandhi, mwenye miaka 16 na tayari ameoza mke kwa desturi ya kwao, ndiye aliyemuuguza, na kila usiku alimkanda miguu mpaka alale. Usiku mmoja, yapata saa tano, ami yake akaja kumpokea zamu. Kijana akaenda zake moja kwa moja chumbani kwa mkewe. Hazikupita dakika sita mtumishi akagonga mlango. Baba alikuwa ameshakata roho, mikononi mwa mtu mwingine. Mtoto aliyekuwa tumboni mwa mkewe alizaliwa baadaye akaishi siku tatu au nne tu. Gandhi aliandika habari hiyo akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mtu maarufu ulimwengu mzima, na bado aliiita aibu isiyofutika. Miaka michache baadaye alikuwa London akisomea sheria mama yake alipofariki, na ndugu yake akamficha mpaka alipotia mguu Bombay mwaka 1891. Baba alimkosa kwa dakika sita, mama kwa bahari nzima.

Nilikifunga kitabu nikazima taa. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu, nililia.

Watu wengi wanaomjua Gandhi wanajua mgomo, chumvi na kanzu yake ya kitambaa kimoja. Nililolitafuta mimi ni jinsi mtoto mwoga na kijana aliyekimbia kitanda cha baba yake alivyogeuka kuwa mzee asiyetishwa na mauti. Jawabu lake yeye mwenyewe ni kitabu cha Gita, ambacho alikisoma mara ya kwanza London, kwa Kiingereza, akiona haya kwamba Wazungu ndio waliomwonyesha kitabu cha kwao. Humo, mpiganaji Arjuna anasimama uwanjani, anaona jamaa zake upande wa pili, mikono inamlegea. Mwendesha gari lake, Krishna, ambaye Wahindu wanaamini kuwa ni Mungu aliyejidhihirisha kwa umbo la mtu, anamweleza mambo mawili. La kwanza, kwamba roho haizaliwi wala haifi, bali hutoka mwili huu ikaingia mwingine. La pili, kwamba mtu ana haki ya kazi yake, lakini hana haki ya tunda la kazi hiyo. Aifanye kwa sababu ni wajibu, na matokeo ayaachie Mungu.

Hilo la kwanza Mwislamu halikubali, wala mimi silikubali. Sisi tunaamini mtu hufa mara moja, akafufuliwa, akahesabiwa. Na ndiyo maana ya moto wao, nililomjibu yule mzee: kama mwili ni vazi lililokwisha kazi, hapana haja ya kulihifadhi. Lakini la pili si geni kwetu. Bibi zetu walitufundisha kwamba juhudi ni ya mja na tawfiki ni ya Mola, na kwamba amali huangaliwa nia yake. Tofauti ni kwamba sisi wengi tunalisema tu. Yule Baniani alilifanyia mazoezi kila siku kama mtu anayejifunza kupiga udi. Johannesburg alibandika vipande vya beti za Gita ukutani mahali alipopigia mswaki, akavihifadhi mstari baada ya mstari kwa zile dakika 15 za kila asubuhi. Alihifadhi sura 13 kwa njia hiyo.

Kisha akaanza kuitekeleza. Mwaka 1902, akiwa Bombay, alikuwa amekata bima ya maisha ya rupia 10,000, baada ya wakala mmoja Mmarekani kumshawishi. Alipokuwa Afrika ya Kusini akaiacha ife. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna ajuaye kama mke na watoto hawatatangulia, na kwamba jamaa za maskini wasio na idadi huishi bila bima. Ndugu yake mkubwa alikasirika. Mimi mwenyewe nina shaka na jambo hili. Mwenye watoto wadogo hajui kesho yao, na kuweka akiba si kumdharau Mungu. Lakini ona jinsi mtu huyu alivyokuwa akizifungua kamba moja moja.

Tarehe 10 Februari 1908 mauti yalimjia karibu. Alikuwa amepatana na serikali ya Transvaal kwamba Wahindi wajiandikishe kwa hiari yao. Mpathani mmoja, Mir Alam, Mwislamu na aliyekuwa mteja wake, aliamini kwamba Gandhi amewauza. Akamvizia njiani Johannesburg, akampiga kwa rungu mpaka akazimia. Alipoanguka jina lililomtoka ni la Rama. Alipopata fahamu jambo la kwanza aliloomba ni kwamba Mir Alam asishitakiwe, kwa kuwa alifanya alilodhani ni haki.

Nisije nikaonekana nampamba. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika ya Kusini, Gandhi aliwaandika Waafrika kwa maneno ya dharau, akitaka Wahindi wasiwekwe daraja moja nao. Hayo yako katika maandishi yake, na ndiyo sababu sanamu yake iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Ghana iliondolewa mwaka 2018. Na nyumbani kwake palikuwa na jeraha. Mwanawe wa kwanza, Harilal, aliona kwamba baba amekuwa baba wa taifa zima isipokuwa wa wanawe. Mwaka 1936 Harilal alisilimu akaitwa Abdullah, na miezi michache baadaye akarudi Uhindu. Nasema wazi kwamba Waislamu waliomshangilia siku ile hawakujipatia sifa. Walimshangilia mlevi aliyekuwa akimkomoa baba yake. Baba naye, aliyeweza kumsamehe Mir Alam, kwa mwanawe alikosa njia.

Vita vya pili vilipokuwa vinaendelea, Waingereza walimfunga tena, safari hii katika jumba la Aga Khan huko Pune. Siku ya sita ya kifungo, tarehe 15 Agosti 1942, katibu wake wa miaka 25, Mahadev Desai, alianguka akafa. Gandhi alimwosha kwa mikono yake. Mwaka na nusu baadaye, tarehe 22 Februari 1944, mkewe Kasturba alifia humohumo, kichwa chake mapajani mwa mumewe. Walikuwa wameishi pamoja miaka zaidi ya 60. Kesho yake walimwomba mzee arudi ndani apumzike, naye akakataa, akakaa karibu na moto mpaka ukazimika. Sasa hakuondoka kitandani pa mtu.

Ndipo inakuja miezi 15 ya mwisho, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko miaka yote iliyotangulia, na ambayo Waislamu tunapaswa kuijua.

Mwezi wa Oktoba 1946, huko Noakhali, mashariki ya Bengal, Waislamu waliwashambulia majirani zao Wahindu. Waliua, walichoma nyumba, waliwasilimisha watu kwa nguvu. Msomaji asichukie kuambiwa ukweli. Gandhi, mwenye miaka 77, alikwenda huko mwezi wa Novemba na akakaa mpaka Machi 1947. Tangu Januari alitembea kijiji hata kijiji, miguu mitupu, akilala katika nyumba ya yeyote aliyempokea. Njia zake zilitiwa miiba na kinyesi makusudi. Kisha akaenda Bihar, ambako mambo yalikuwa kinyume, Wahindu ndio waliowachinja Waislamu kwa maelfu, na huko akawaambia Wahindu wenzake kwamba aibu hiyo ni yao.

Tarehe 15 Agosti 1947 Bara Hindi lilipopata uhuru na kugawanyika, Delhi ilikuwa na taa na mizinga. Yeye hakuwako. Alikuwa Calcutta, katika nyumba mbovu ya Mwislamu iitwayo Hydari Manzil, akiishi pamoja na Suhrawardy, mwanasiasa wa Muslim League ambaye Wahindu walimchukia kuliko wote. Siku ile alifunga na kuomba. Mwisho wa mwezi vijana wa Kihindu walivamia nyumba, fimbo na jiwe vikamkosa kidogo. Akafunga chakula tarehe 1 Septemba mpaka silaha zikaletwa mbele yake tarehe 4.

Alifika Delhi tarehe 9 Septemba akakuta mji umegeuka. Waislamu walikuwa wamejazana ndani ya ngome kongwe na katika viwanja vya kaburi la mfalme Humayun wakingoja kuvushwa Pakistan. Misikiti ilikuwa imetekwa, mingine imewekwa masanamu. Na wakimbizi wa Kihindu na Kisingasinga waliotoka Punjab, ambao nao walikuwa wamechinjiwa watu wao na Waislamu, walikuwa wakilala ovyo kwenye baridi. Katika sala zake za jioni, pamoja na beti 19 za mwisho wa sura ya pili ya Gita zinazomsifu mtu asiyetikisika kwa raha wala msiba, ilisomwa pia Al-Fatiha. Watu walisimama kupinga. Yeye hakukubali kuiondoa. Mara kadhaa alikatisha sala nzima kuliko kuisali nusu.

Zamani alikuwa akisema anataka kuishi miaka 125. Vuli ile, siku ya kuzaliwa kwake ya mwisho, alieleza kwamba hamu hiyo imemtoka. Wengi husoma hayo wakadhani alikata tamaa. Nadhani wanakosea, maana mtu aliyekata tamaa hulala. Yeye alifanya kazi tangu saa tisa na nusu za usiku, akijibu barua, akipokea Waislamu waliokuja kumshitakia, akiwatembelea wakimbizi kambini.

Tarehe 13 Januari 1948 akaanza kufunga kwa mara ya mwisho, na hakuweka siku ya kuacha. Alitaka Waislamu wa Delhi watembee bila hofu, misikiti irudishwe, wasisusiwe madukani, na hauli ya walii Khwaja Qutbuddin Bakhtiar Kaki huko Mehrauli ifanyike kama kawaida ya kila mwaka. Tena serikali ya Bara Hindi ilikuwa imezizuia rupia milioni 550 za Pakistan, nayo ikakubali kuzitoa katika siku ya tatu ya mfungo. Sisi tunaojua mfungo wa mwezi mmoja, wenye futari kila magharibi, tufikirie mzee wa miaka 78 anayekunywa maji tu, figo zimeanza kushindwa, na nje ya lango wakimbizi wenye hasira wanapiga kelele kwamba afe. Tarehe 18 Januari viongozi wa Wahindu, Masingasinga na Waislamu walikuja kutia sahihi ahadi. Maulana Abul Kalam Azad akamnywesha maji ya machungwa.

Siku mbili baadaye bomu lililipuka karibu na uwanja wa sala. Alibaki ameketi, akawatuliza watu, akaendelea, na akaomba kijana aliyekamatwa asiteswe. Polisi walitaka kuwapekua wanaokuja kusali, akakataa. Mtu hawezi kumwomba Mungu chini ya ulinzi wa bunduki. Tarehe 27 alikwenda Mehrauli kwenye ile hauli. Alikuta makaburi yameharibiwa sehemu sehemu, lakini Waislamu walikuwako, na Wahindu na Masingasinga wakiwapokea.

Ijumaa tarehe 30 Januari 1948, mchana kutwa, alikuwa kazini. Aliandika mapendekezo ya kukibadili chama cha Congress kiwe chama cha kuwatumikia wanavijiji. Jioni alizungumza na Sardar Patel kusuluhisha ugomvi kati yake na Nehru, mazungumzo yakapita wakati. Alikuwa mtu wa saa, akaudhika kwamba amechelewa sala kwa dakika kama kumi. Akaenda haraka kwa miguu, mikono mabegani mwa wasichana wawili wa jamaa yake, Manu na Abha. Nathuram Godse, Mhindu, aliyeona kwamba Gandhi anawapendelea Waislamu, akajipenyeza, akainama kama wa kusalimu, akampiga risasi tatu. Manu ameandika kwamba alilisikia jina la Rama. Wengine waliokuwapo wamelibisha hilo. Mimi simo katika ubishi wao. Ila najua kwamba siku chache nyuma alikuwa amemwambia Manu kwamba akifa kitandani kwa maradhi, watu wajue hakuwa mtu wa Mungu kama walivyodhani.

Kesho yake alichomwa kando ya mto Yamuna. Alivyoacha ni miwani, viatu, saa ya mfukoni, bakuli na vitu vichache vya namna hiyo. Majivu yakagawanywa mito mingi, na sehemu yake ililetwa Afrika ya Mashariki mwaka huohuo, ikamwagwa Jinja, mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Nimefika huko mara moja. Pana sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa Uhindi, I.K. Gujral. Watoto walikuwa wakivua samaki hapo chini.

Nilipomaliza kitabu kile nilikwenda Lamu, shule hazijafungwa. Nilisimama kaburini kwa baba yangu asubuhi moja, nikasoma nilichokuwa nacho, nikarudi kazini. Yule mzee jirani nilimkuta darini anashusha mbao. Mtoto wa jirani wa pili alikuwa amefariki kwa homa, wazazi hawana kitu, na yeye alikuwa amekwisha toa mbao zake. Nikamwuliza sasa yeye je. Akanionyesha mti mwingine mpakani.

Nilikaa Kianjokoma miaka mitano mingine. Katika muda huo alizitoa tena, mara hii kwa mwanamke mzee aliyeishi peke yake. Mwaka 1989 nilipohamishwa, nilipita kwake kumwaga. Alikuwa amevua koti, anaranda za tatu, na kando yake kikapu cha majani ya chai kilikuwa kikingoja kupelekwa kituoni kabla ya saa nane.